Hatukuona Maiti ya Kamanda

Kamanda alitoka kwenye ile bahari ya kijani akiwa hai, na mimi nimeona kwa macho yangu namna alivyotoka. Trésor, niliyeshona naye zamani, ndiye aliyenionyesha. Alishuka kutoka Mahagi, ambako sasa anafundisha fizikia, akanikuta kwenye mashine yangu hapa Bunia, akavuta kiti na kufungua kompyuta yake juu ya vitambaa vya wateja bila hata kuniuliza habari za nyumbani. Alisema tu, "Wivine, angalia hii," kisha akanitazama usoni. Kwenye kipande hicho cha filamu Kamanda anazama katika yale maji mazito yanayokula chuma, halafu mlango mdogo unafunguka chini ya mwamba na mikono miwili inamvuta ndani. Ni kama dakika nne hivi. Siye hatukuwahi kuziona, kwa sababu yule mtu aliyekuwa akitafsiri filamu kwa Kiswahili alizikata, labda ili filamu nzima iingie mahali pake, labda kwa sababu hazina maneno na yeye hakuwa na la kusema. Miezi mingi tuligombana juu ya kosa ambalo waliotengeneza filamu hawakulifanya. Trésor alicheka mpaka akafuta macho. Mimi nilicheka kidogo. Mwaka ule Kamanda hakuwa peke yake aliyeingia majini na maiti yake isionekane, na juu ya yule mwingine mimi peke yangu nilikuwa na sababu ya kujua kwamba hakuingia.

Ateliye ya Mama Noëlla ilikuwa chumba kimoja kirefu cha mbao na bati huko mtaa wa Nyakasanza, chenye dirisha moja upande wa barabara na mlango wa nyuma ambapo tuliwashia makala, yaani makaa ya pasi. Mashine zilikuwa nne. Ya Mama Noëlla ilikaa karibu na meza ya kukatia, ya Ezéchiel chini ya dirisha kwa sababu alikuwa anashona suti za wanaume na alitaka mwanga, ya Trésor ya broderie, ya kutarizi maua, pembeni, na yangu karibu na mlango wa nyuma. Kazi yangu ilikuwa kola, vifungo na pasi. Televisheni ilisimama juu ya sanduku la bati, ikitumia umeme wa sola, na kuanzia saa nane za mchana mpaka jua lipungue tuliweka filamu za vyombo vya angani. Mama Noëlla aliziita filamu za juu. Anayeshona hawezi kutazama filamu. Anaisikiliza, na mguu unapopumzika anainua kichwa, anaona mlipuko au uso wa mtu analia, halafu anarudi kwenye mshono wake. Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na vipande vyake, na vipande vyangu havikufanana na vya Ezéchiel. Nafikiri ugomvi wetu ulianzia hapo, ingawa wakati ule tuliamini unatoka kwenye sayansi.

Sayansi ilikuwa ya Trésor. Alikuwa anasoma asubuhi na kupiga broderie mchana, na kila bomu lilipolia angani alisimamisha mashine yake kutueleza kwamba kule juu hakuna hewa, na pasipo hewa hakuna sauti, na pia hakuna moto, kwa hiyo vita vile vyote vingepaswa kupiganwa kimya kama watu walio kanisani. Ezéchiel hakukubali kirahisi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, kutoka upande wa Kpandroma, aliyekuja Bunia na mkasi tu ndani ya mfuko wa koti. Yeye hakujali moto wala sauti. Alitazama nguo. Siku moja alisimama mbele ya televisheni na kunyoosha kidole chake chenye kofia ya kushonea kwenye zipu ya kifuani mwa rubani aliyekuwa anaelea nje ya chombo. "Angalia hii fermeture," alisema. "Na mushono iko inje. Huyu hewa ingemutoka mbele afike Komanda." Trésor alimwambia kwamba pale hakuna mji wa Komanda, ni miaka ya mwanga, na hapo ndipo Ezéchiel alipomshika. Alimuuliza namna gani basi wale watu wanavuka miaka ya mwanga wakati chai inachemka, ilhali lori kutoka hapa mpaka Niania linaweza kulala siku nne katika matope, na hao hawajabadilisha hata tairi moja. Tulicheka sana. Trésor aliandika makosa yote mawili.

Aliandika kwenye farde, ile karatasi ngumu ya kukunjwa ambayo watu wanawekea hati zao za ofisi. Ilikuwa ya kijivu, na alitumia kalamu ya feutre ya bluu, ile ya wino wa maji. Sheria ilikuwa kwamba kosa haliandikwi mpaka wawili wakubaliane, na wakishindwa Mama Noëlla anakata shauri. Makosa yalifika thelathini na kitu. Majua mawili lakini kivuli kimoja. Malkia anavua kofia ya kioo kwenye nyota mpya bila kupima hewa. Kovu la Kamanda linahama kutoka shavu la kushoto kwenda la kulia. Rubani anatoka ziwani na katika picha inayofuata anakaa mezani, nguo zake kavu, zimenyooka. Hilo la mwisho lilikuwa langu. Sikuwa msemaji, na niliposema jambo mashine zote zilinyamaza, kitu ambacho kilinifanya nisitake kusema tena. Lakini vifungo na kola nilikuwa naviona. Nakumbuka Mama Noëlla alinigeukia, pini zikiwa mdomoni, akasema, "Huyu mutoto hasemi, lakini usimudanganye."

Nikifikiria sasa, ile ilikuwa furaha ya ajabu kwa watu wa mji huu. Bunia imejaa watu waliofika na habari ya namna walivyotoka walikotoka, na habari hizo zina matobo mengi kuliko filamu yoyote. Ezéchiel alikuwa na kaka. Alivyosimulia, wakati mwingine kaka huyo alikuwa anakuja nyuma yao njiani, wakati mwingine alikuwa amebaki kufunga nyumba. Hakuna aliyemuuliza Ezéchiel. Adabu ilikuwa kusikiliza na kumwongezea chai. Tuliwashuku Kamanda na Malkia, na yule mtafsiri mwenyewe, kwa moyo mmoja na kwa sauti kubwa, kwa sababu hao wasingeweza kuumia.

Papa Noëlla alikuwa dereva wa lori. Aliingia ateliye mara chache, akala haraka akiwa amesimama, akamrusha juu Noëlla, mtoto wao wa miaka mitano, akaondoka. Mwezi wa pili Mama Noëlla alimkatia koti la kahawia, kitambaa kizuri alichokuwa amekiweka muda mrefu, na kola akanipa mimi. Koti lilipaswa kuwa tayari kabla ya jioni kwa sababu lori lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri kwenda Niania. Mama Noëlla alikuwa ameenda sokoni. Mimi niliweka pasi juu ya entoilage, kile kitambaa kigumu kinachokaa ndani ya kola kuishikilia, na makala yalikuwa mengi mno. Ikaungua, ikajikunja kama ngozi. Kilikuwa kipande cha mwisho. Nilikuwa na mwezi mmoja tu katika kazi ile. Farde ilikuwa pale, chini ya televisheni, na kona yake ya chini ilikuwa na unene uleule. Niliikata kwa mkasi, nikaipima, nikaiweka ndani ya kola, nikaifunga na kupiga mshono mara mbili kuzunguka. Papa Noëlla alivaa koti lile jioni akajitazama katika kioo cha wateja, akageuza shingo huku na huku. Alisema kola inasimama kama ya ministre. Mama Noëlla alinitazama kwa furaha, nami nikainama kuokota nyuzi.

Kesho yake mchana Trésor alipochukua farde alikuta kona haipo, na pamoja nayo nusu ya kosa la sita mpaka la tisa. Kosa la sita lilikuwa la sauti za mabomu, na Ezéchiel alikuwa ameshindwa katika hilo. Alimtazama Ezéchiel, akatazama mkasi wake, akauliza nani alikuwa anataka historia isahaulike. Ezéchiel alijibu kwamba labda ni yule ambaye kosa lake la nane lilikuwa la uongo, maana Trésor alikuwa ameandika kwamba nyota haziwezi kupita dirishani namna ile, halafu akakuta katika kitabu chake jambo lingine. Kwa wiki nzima kila mmoja alificha mkasi wake. Trésor alianza kurudi nyumbani na farde ndani ya shati. Mama Noëlla aliwaambia wote wawili kwamba wanaume wakikosa kazi wanashitakiana, na mimi nilichemsha chai, nikaipeleka kwa huyu na kwa yule, nikasema hapana nilipoulizwa kama nimeona mtu. Lilikuwa jambo la kuchekesha. Nilifikiri litaisha hivyo, koti litazeeka, kola itachakaa, na hakuna atakayejua.

Wiki tatu baadaye Pascal alirudi peke yake. Alikuwa mwenzake Papa Noëlla katika lori, mtu mfupi, mpole, ambaye watoto walimpenda. Alikaa kwenye kiti cha wateja na kusema kwamba karibu na Niania mvua ya siku nne ilikuwa imekula daraja, na Papa Noëlla aliingia mtoni kupima kina kwa miguu, akiwa amevaa koti kwa sababu ya mvua. Maji yalimwangusha. Pascal alimshika koti, koti likabaki mikononi, mtu akaenda. Walitafuta siku mbili. Aliweka mfuko wa plastiki juu ya meza ya kukatia, na Mama Noëlla hakuufungua. Aliusukuma kidogo tu kwa mkono, kama anavyosukuma kitambaa ambacho hajui kitakatwa vipi. Matanga yalikaa siku saba. Hapakuwa na maiti, basi shemeji zake wakaweka picha juu ya kiti na koti kwenye mgongo wa kiti. Siku ya mwisho niliambiwa nikunje koti. Nilishika kola.

Ilikuwa imesimama. Ncha zake mbili zilikuwa kali kama siku niliyozipiga pasi. Niliikunja kidogo na karatasi ikalia ndani. Mtu yeyote aliyewahi kusahau daftari katika mvua anajua karatasi inakuwa nini. Na kola hii ilikuwa imevuka mto ulioua mtu, ikakaa ndani ya maji mikononi mwa Pascal, ikakauka juu ya lori, na haikuwa na hata kunjo moja. Nilisimama pale, watu wanaimba, nikaliweka koti ndani ya mfuko, mfuko ndani ya sanduku la bati. Nilijua kwamba Pascal amedanganya, na kwamba nikisema hivyo ni lazima niseme najuaje.

Ni mimi niliyemshonea Mama Noëlla nguo nyeusi. Nilimpima mabega, kiuno, urefu wa mkono, na alisimama wima huku akitazama ukuta. Televisheni ilizimwa kwa muda wa miezi miwili. Kisha siku moja, wakati tunakula sombe na samaki wa ziwa, alisema kwamba kelele za mashine bila maneno zinampa kichwa, na Trésor aweke filamu. Tukaanza sehemu ya pili ya ile hadithi ndefu, ndipo Kamanda akaanguka baharini. Na wiki iliyofuata, sehemu ya tatu, akaingia chumbani kwa Malkia akiwa mzima. Trésor alichukua kalamu. Alisema hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, tobo ambalo lori linaweza kupita, na Ezéchiel kwa mara ya kwanza akakubaliana naye papo hapo. Wawili walikuwa wamekubaliana. Kwa sheria, kosa lilipaswa kuandikwa. Mama Noëlla alisimamisha mashine.

"Usiandike," alisema. "Mulimuona amekufa?"

Trésor alisema wote walimwona akizama.

"Kuzama, njo, muliona. Lakini maiti? Nani aliona maiti?"

Ezéchiel alishusha macho kwenye mguu wa suruali aliyokuwa anashona. Tangu siku ile Mama Noëlla, ambaye alikuwa mwamuzi, akawa mbishi kuliko sisi sote, na kosa la Kamanda halikuandikwa ingawa lilijadiliwa kila wiki. Trésor alileta hoja za kemia, kwamba maji yanayokula chuma hayawezi kumwacha mtu. Mama Noëlla alijibu kwamba maji hayo yaliandikwa na mtu, na mtu anaweza kudanganya. Alisema hivyo juu ya filamu, lakini niliona mkono wake umeshika ukingo wa meza. Mimi nilikaa karibu na makala na jibu langu, na kila wiki jibu lilizidi kuwa zito kwa sababu ya wiki zilizopita.

Pascal hakuacha kuja. Alileta ndizi, alileta kidumu cha mawese, alimbeba Noëlla mabegani. Nilianza kumtazama kama nilivyotazama vifungo. Aliposimulia mara ya pili, mbele ya shemeji waliotoka mbali, koti halikubaki tena mikononi. Lilikutwa kesho yake limenasa kwenye tawi. Nilimwona Trésor akiinua kichwa. Nilimwona Ezéchiel akimtazama Trésor, wale wawili ambao miezi kadhaa nyuma walikuwa wanafichana mikasi, kisha wakarudi kwenye mishono yao. Filamu unaweza kuisimamisha na kuirudisha nyuma. Mtu anayesimulia kifo mbele ya mjane huwezi kumrudisha nyuma. Lakini nililala na mawazo mabaya. Kama Papa Noëlla hakuingia majini, basi aliingia wapi? Kwa nini Pascal hakuweza kutazama lile sanduku la bati alipokaa? Kulikuwa na siku nilipoamini kwamba amemuua njiani, kwamba zile ndizi ni za mtu aliyeua, na nilizikata na kuzikaanga na tukazila zote.

Mwezi wa kumi na mbili familia iliamua kwamba Mama Noëlla avue weusi kabla ya Noeli, na nguo za marehemu zigawanywe. Koti lilipewa mdogo wake Papa Noëlla, mtu mwembamba, na Mama Noëlla akalitoa katika sanduku na kuniletea. Alisema nipunguze mabega. Kupunguza mabega ni lazima kufungua kola. Halafu akaenda nyuma kupika, Ezéchiel na Trésor walikuwa hawajafika, na entoilage mpya ilikuwa hapo mbele yangu, mita nzima. Ningetoa karatasi, ningeitia katika makala, na pamoja nayo kosa langu na uongo wa Pascal vingeungua kwa dakika moja, na Mama Noëlla angevua weusi wake kama mjane yeyote. Nilikuwa nimekwisha kukata nyuzi za upande mmoja. Nilisikia anamwambia Noëlla kule nyuma asiguse sufuria. Sijui hata leo kwa nini niliinuka. Nilichukua koti, kola ikiwa imefunguka nusu, nikaenda nalo mpaka jikoni, nikavuta karatasi mbele yake.

Maandishi ya bluu yalikuwa mazima. *Sauti ya mabomu*, nusu ya neno la kosa la saba, na nambari nane na tisa. Kalamu ya feutre haivumilii hata tone la jasho. Nilimweleza yote, pasi, makala, mkasi, farde; nilisema polepole na vibaya, nikarudia mara mbili mahali ambapo sikuwa na haja ya kurudia. Alishika karatasi kwa vidole viwili, akaigeuza, akaigeuza tena. Hakuuliza juu ya mumewe. Nilikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo.

"Ulijua tangu matanga?"

Nilisema ndiyo.

"Miezi tisa. Na ni weye ulinipima mabega ya hii nguo."

Alikoroga sufuria, akapunguza moto, akaniambia niende nikamwite Trésor na Ezéchiel mapema, na nimtume mtu kwa Pascal, aje ale.

Pascal alikuja amevaa shati safi. Mama Noëlla alimtengea bugali, maharagi na nyama, akamketisha kwenye kiti cha wateja, na siye tulikaa kwenye mashine zetu bila kushona. Televisheni ilikuwa imezimwa. Alimwacha ale mpaka karibu amalize, kisha akamwomba asimulie tena, kwa ajili ya Ezéchiel, ambaye hakuwapo mara ya kwanza. Pascal alinawa mikono. Alisimulia mvua, daraja, kupima kina. Alipofika kwenye koti alisita, nikaona anatafuta ni mikono au ni tawi, na akachagua tawi. Ezéchiel aliuliza kwa upole kabisa, kama anavyomuuliza mteja anapenda suruali ianguke wapi kwenye kiatu: "Na koti ilikaukia wapi, Papa Pascal?" Pascal alisema juani, juu ya lori. Trésor aliuliza ni jua gani, maana mvua ilikuwa ya siku nne. Pascal alitabasamu kidogo, akatutazama mmoja mmoja. Mama Noëlla aliweka karatasi juu ya sahani yake, karibu na mifupa, na kumwambia ilikuwa wapi.

Pascal aliigeuza karatasi kwa kidole. Barabarani pikipiki zilipita. Kisha akasema, akiwa anaitazama sahani, kwamba Papa Noëlla yuko Niania. Ana mwanamke kule, ana mtoto wa kiume, anauza tairi kuukuu kando ya barabara. Yeye mwenyewe ndiye aliyevua koti na kumpa.

"Aliniambia, muke mwenye kufiwa watu wanamuhurumia," alisema Pascal. "Muke mwenye kuachwa wanamucheka. Nikaona anakufikiria, Mama."

"Akakuambia ulete koti kavu?"

"Hapana. Aliniambia niiingize kwanza mu maji." Alishika pua yake, akapumua. "Nilisimama pale ku mto nayo. Nikaona ni koti muzuri sana. Nikashindwa."

Trésor alitoa sauti ambayo karibu iwe kicheko, akaifunika kwa mkono. Mimi nilimtazama Pascal, ambaye kwa miezi mingi nilikuwa nimemfanya muuaji, na nikaona mtu aliyechoka aliyekuwa analeta ndizi kwa sababu aliona haya. Nilikuwa sahihi juu ya koti na nimekosea juu ya kila kitu kingine. Mama Noëlla hakulia. Aliuliza mtoto wa Niania ana umri gani. Pascal alisema anaanza mwaka wa tatu. Mama Noëlla alihesabu, nikaona midomo inatembea, na kitu katika uso wake kikajifunga.

Kisha akaniita kwenye meza ya kukatia. Alichukua koti, akakata entoilage mwenyewe, kipande kikubwa kuliko kinachohitajika, akaniambia nishone kola upya, hapo hapo, mbele ya watu wote. Mabega hakutaka yaguswe. Nilishona. Alisimama nyuma yangu, na Pascal akingoja na mikono kwenye magoti, mpaka nilipomaliza kupiga pasi. Alilitazama koti kwenye mwanga wa dirisha la Ezéchiel, akalikunja, akaliweka ndani ya mfuko wa plastiki, akampa Pascal.

"Umupelekee," alisema. "Umuambie kola iko sasa vizuri. Anaweza kuingia mu maji nayo siku anapenda."

Pascal aliondoka Bunia kesho yake na lori, na sikumwona tena. Nguo nyeusi Mama Noëlla aliivua usiku uleule bila sherehe, na shemeji walipofika Jumamosi kwa ajili ya sherehe yao aliwapokea mlangoni amevaa nguo ya maua, akawaeleza wakiwa wamesimama. Filamu ziliendelea. Mimi hakunifukuza. Nilifanya kazi pale miaka mingine miwili na nusu, na alinifundisha kukata suti nzima, kitu ambacho leo kinanilisha. Lakini kila kola iliyotoka mkononi mwangu, hata ya shati la shule la mtoto, aliichukua kabla mteja hajaiona, akaisogeza karibu na sikio lake, akaikunja polepole na kusikiliza. Alifanya hivyo siku ya kwanza na alifanya hivyo siku niliyoondoka, wakati mimi nimesimama mbele yake na mkoba wangu, nikingoja amalize.